Kusafiri kwa ndege ukiwa na kisukari: namna ya kubeba insulini, sindano na vifaa vyako kutoka Nyanza-Lac hadi unakokwenda

Makala haya ni kwa ajili yako ikiwa unaishi na kisukari, au unamtunza mtoto au mzazi mwenye kisukari, na mnajiandaa kusafiri kwa ndege. Huenda unahamishiwa nchi ya tatu, unakwenda kuungana na familia, unakwenda kusoma, au unasafiri kwa matibabu. Yameandikwa hasa kwa wakimbizi, waliorejea na wenyeji wa Nyanza-Lac, Rumonge na vijiji vya pwani ya Ziwa Tanganyika, lakini aliye Gasorwe, Musasa, Bwagiriza, Kavumu au Nyankanda naye anaweza kuyatumia.

Haya ni maelezo ya jumla. Hayachukui nafasi ya ushauri wa daktari au muuguzi anayekufahamu. Usibadilishe kipimo cha dawa yako kwa sababu ya jambo ulilosoma hapa. Lichukue kama swali la kumpelekea muuguzi wako.

Mambo manne ya kushika kwanza

- Insulini, sindano na kipima sukari vikae katika begi la mkononi. Visiwekwe kamwe katika mzigo unaokabidhiwa uwanjani.
- Beba karibu mara mbili ya kiasi unachohitaji kwa safari na kwa wiki za kwanza baada ya kufika.
- Beba barua ya daktari, na jina lililo kwenye barua lifanane na jina lililo kwenye hati yako ya kusafiria.
- Usikose chakula cha sukari mfukoni, kuanzia unapotoka nyumbani hadi unapofika.

Kwa nini tunasisitiza? Mtu mwenye kisukari cha aina ya kwanza, ambacho huwapata hasa watoto na vijana, mwili wake hautengenezi insulini. Akiikosa hata kwa siku moja anaweza kuugua vibaya sana, na asipotibiwa anaweza kufa. Begi la nguo likipotea njiani, nguo nyingine zitapatikana. Begi lenye insulini ya mtoto likipotea, yanakuwa maisha ya mtoto.

Sema mapema kwamba una kisukari

Familia nyingine huficha ugonjwa wakati wa uchunguzi wa afya kwa kuogopa kwamba safari itafutwa. Hofu hiyo inaeleweka kwa mtu aliyesubiri miaka mingi, lakini kuficha ndiko kunakoleta hatari.

Kisukari si ugonjwa wa kuambukiza. Uchunguzi wa afya kabla ya kuhamishiwa nchi ya tatu hutafuta zaidi magonjwa ya kuambukiza kama kifua kikuu, na pia hutazama kama mtu yuko salama kusafiri. Kwa mfano, sheria ya uhamiaji ya Canada inaruhusu kumkataa mhamiaji ambaye matibabu yake yangekuwa mzigo mkubwa kwa huduma za afya, lakini inawasamehe wakimbizi wanaohamishiwa huko. Hawakataliwi kwa sababu hiyo.

Jambo linaloweza kutokea ni safari kusogezwa mbele mpaka sukari yako itulie. Hilo ni usumbufu, lakini ni afadhali kuliko kuzidiwa angani, mbali na hospitali. Ukisema mapema, timu ya afya ya Shirika la Kimataifa la Uhamiaji (IOM) inaweza kukupangia dawa za safari, kuandika taarifa kwa shirika litakalokupokea, na ikibidi kumpanga muuguzi wa kusafiri nawe. Usiposema, hakuna atakayejua kwamba mtu wa kiti cha jirani anahitaji sindano.

Karatasi za kuandaa

Anza kuziandaa angalau wiki tatu kabla ya siku ya safari. Mwombe daktari barua yenye mhuri, iwe kwa Kifaransa na kwa Kiingereza pia, kwa sababu wakaguzi wa viwanja utakavyopitia huenda wasijue Kifaransa. Barua itaje:

- jina lako kamili na tarehe ya kuzaliwa, kama zilivyo kwenye hati ya kusafiria;
- kwamba una kisukari na unatumia insulini au vidonge;
- jina la kila dawa, kipimo chake na saa zake;
- kwamba unalazimika kubeba sindano, kipima sukari, bandeleti (wengine huziita stripu), na vyakula au vinywaji vya sukari;
- kama unatumia pampu au sensa, kwamba imeshikizwa mwilini na haifai kutolewa bila sababu.

Toa nakala tatu: moja ikae na dawa, moja na hati zako, na moja kwa mtu mzima mwingine unayesafiri naye. Ukiwa na simu, ipige picha barua hiyo na pia lebo za dawa zako.

Dawa zikae ndani ya maboksi yake ya dukani, zikiwa na lebo ya duka la dawa au ya kituo cha afya. Kichupa kisicho na lebo ndicho kinachozua maswali. Ikiwa IOM au ubalozi umekupa bahasha iliyofungwa, usiifungue hata kama unadhani barua ya daktari imo ndani. Omba nakala nyingine.

Hesabu kiasi utakachohitaji

Usikadirie kwa macho. Fanya hesabu ukiwa pamoja na muuguzi.

Kichupa cha kawaida cha insulini kina mililita 10, na kila mililita ina yuniti 100. Kwa hiyo kichupa kizima kina yuniti 1,000. Ukitumia yuniti 40 kwa siku, kwa siku 30 utahitaji yuniti 1,200. Kichupa kimoja hakitoshi; unahitaji viwili, na ukiongeza cha akiba vinakuwa vitatu. Kumbuka pia kwamba kichupa kikishafunguliwa hutumika kwa takriban wiki nne tu, hata kama dawa imebaki. Muda kamili umeandikwa kwenye karatasi iliyo ndani ya boksi.

Sindano na bandeleti uzihesabu vilevile. Anayejichoma mara mbili kwa siku anahitaji sindano 60 kwa mwezi. Siku za safari utapima sukari mara nyingi kuliko kawaida, kwa hiyo ongeza bandeleti. Beba na betri ya akiba ya kipima sukari.

Wanaotumia vidonge, kama metformini au glibenklamidi, wafanye hesabu hiyohiyo, na vidonge navyo vikae katika begi la mkononi.

Ukisafiri na mtu mzima mwingine, gawanyeni: nusu ya dawa katika begi lako, nusu katika lake, yote mawili ya mkononi. Begi moja likiibwa au likisahaulika, lingine linabaki.

Joto: sehemu ngumu ni kabla ya ndege

Watu wengi huogopa ndege. Kwa insulini inayotoka pwani ya Tanganyika, njia ya kufika uwanjani ni ngumu zaidi.

Insulini ambayo haijafunguliwa huhifadhiwa kwenye friji, kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Iliyofunguliwa inaweza kukaa nje ya friji, mahali pasipo na jua, kwa muda ulioandikwa na mtengenezaji. Maboksi mengi husema isipite nyuzi 25 au 30. Mwaka 2021 watafiti wa Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha matokeo ya utafiti uliofuata joto la nyumba za wakimbizi katika kambi ya Dadaab, Kenya. Waliona kwamba insulini iliyokaa wiki nne katika joto lililopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 haikupoteza nguvu. Hiyo ni habari njema kwa asiye na friji. Hata hivyo haina maana kwamba insulini inastahimili kila joto. Ndani ya gari lililofungwa na kuegeshwa juani, joto hupita nyuzi 40 kwa urahisi.

Kutoka Rumonge hadi Bujumbura ni takriban kilomita 75, na kutoka Nyanza-Lac ni zaidi ya kilomita 100, kwa barabara ya taifa namba 3 inayofuata ziwa. Uwanja wa ndege wa kimataifa wa Melchior Ndadaye uko upande wa kaskazini wa Bujumbura, kwa hiyo anayetoka kusini bado ana mji mzima wa kupita. Mafuta ya gari yakiadimika au barabara ikiharibiwa na mvua, safari ya saa chache inaweza kula siku nzima. Ikiwezekana, fika Bujumbura siku moja kabla ya ndege.

Njiani fanya hivi:

- Kaa na begi la dawa mapajani. Lisiwekwe juu ya gari, wala mbele penye kioo, wala karibu na injini.
- Weka insulini katika chupa ya chai yenye mdomo mpana, iliyooshwa na kupozwa kwa maji baridi kisha ikakaushwa. Chupa hiyo huzuia joto la nje lisiingie haraka.
- Ukitumia barafu, ifunge kwa taulo. Insulini isigusane na barafu. Iliyoganda imeharibika, hata ikiyeyuka na kuonekana sawa.
- Kama huna chupa hiyo, funga dawa kwa mfuko wa plastiki usiopitisha maji, kisha uzungushie kitambaa kilicholowa na uache upepo ukipite.

Nyumbani, siku za kusubiri safari, wasio na friji hutumia chungu: chungu kidogo ndani ya kikubwa, mchanga katikati, mchanga ukimwagiwa maji asubuhi na jioni, na kitambaa chenye unyevu juu. Maji yanapokauka huondoka na joto. Njia hii hufanya kazi vizuri zaidi wakati wa kiangazi. Wakati wa masika hewa ya ziwani ina unyevu mwingi na maji hayakauki haraka, kwa hiyo uliza kama kituo cha afya kilicho karibu kinaweza kukuhifadhia dawa ambazo hujafungua.

Kabla ya kila sindano, itazame dawa. Insulini ya maji meupe kabisa ikiwa na ukungu, iache. Insulini ya rangi ya maziwa, ukiizungusha taratibu viganjani na bado inabaki na mabonge au inang'ang'ania kuta za kichupa, iache pia.

Kwenye ukaguzi wa uwanja wa ndege

Tangu Agosti 2006, polisi wa Uingereza walipozuia njama ya kulipua ndege kwa vilipuzi vya majimaji, viwanja vingi duniani havimruhusu msafiri kupita na chombo cha majimaji kinachozidi mililita 100. Dawa anazozihitaji msafiri hazihesabiwi katika kanuni hiyo. Isitoshe, kichupa cha insulini ni mililita 10 tu, na insulini ya kalamu huwa mililita 3. Kinacholeta mjadala huwa ni vitu vinavyoandamana nayo: vifuko vya kupozea vilivyoyeyuka, maji ya matunda na soda. Vifuko hivyo vitaje kuwa ni vya dawa. Soda ni rahisi zaidi kuinunua ukishapita ukaguzi.

Ukifika mbele ya mkaguzi:

- Mwambie kabla hajakuuliza: "Nina kisukari, nimebeba insulini na sindano." Mwombe muuguzi akuandikie sentensi hiyo kwa Kifaransa na Kiingereza kwenye kadi, uionyeshe tu.
- Toa mfuko wa dawa, uweke peke yake kwenye trei, na barua juu yake.
- Insulini inaweza kupita kwenye mashine ya eksirei ya mizigo ya mkononi bila kuharibika. Ukiwa na wasiwasi, omba ikaguliwe kwa mkono, kwa utulivu na kabla haijaingia kwenye mashine.
- Sindano ambazo hazijatumika huruhusiwa ndani ya ndege zikiwa pamoja na dawa yake. Sindano bila insulini huleta mashaka, kwa hiyo usizitenganishe.

Safari nyingi kutoka Bujumbura huunganisha kwenye uwanja mwingine, kama Addis Ababa au Nairobi. Huko unaweza kukaguliwa tena. Usizike barua chini ya begi ukidhani kazi imekwisha.

Kuna wakati mmoja zaidi wa kuwa macho. Ndege ikijaa, wafanyakazi wanaweza kukuomba, ukiwa mlangoni kabisa, begi lako la mkononi lipelekwe kwenye mizigo. Usibishane nao. Toa mfuko wa dawa, ubaki nao mkononi, kisha uwape begi. Ndiyo maana dawa zote zinafaa kukaa katika mfuko mdogo mmoja unaotoka kwa mkupuo. Kule kwenye mizigo baridi inaweza kuwa kali kiasi cha kugandisha insulini, na begi linaweza kuchelewa au kupotea.

Pampu, sensa na betri

Wachache katika eneo letu hutumia pampu ya insulini au sensa inayobandikwa mkononi au tumboni, lakini wapo wanaozipata kwa ndugu au wanakotibiwa. Ukiwa nayo, soma kijitabu chake kabla ya safari. Watengenezaji wengi wanakataza pampu au sensa kupitishwa kwenye eksirei au kwenye mashine ya kukagua mwili mzima. Una haki ya kumwambia mkaguzi kwamba huwezi kuivua na kuomba upekuliwe kwa mkono, mahali pa faragha ukitaka. Lango la kawaida la kutambua chuma mara nyingi halina tatizo.

Ndege inapopanda, mgandamizo wa hewa hupungua na mapovu ya hewa ndani ya pampu hutanuka. Yanaweza kusukuma insulini kidogo zaidi ya iliyopangwa. Wataalamu hushauri kuondoa mapovu kabla ya kuruka na kupima sukari mara kwa mara. Muulize daktari wako kama uichomoe wakati wa kupaa. Beba pia kalamu au sindano na vichupa vya akiba, kwa sababu pampu inaweza kuharibika.

Betri za akiba za lithiamu na chaja za kubebea huwekwa katika begi la mkononi, si katika mzigo wa chini. Hii ni kanuni ya usafiri wa anga kwa kila abiria.

Ndani ya ndege

- Mjulishe mhudumu wa ndege kwamba una kisukari, na mweleze aliyekaa karibu nawe.
- Weka mfuko wa dawa chini ya kiti kilicho mbele yako. Usiuweke kwenye kabati la juu, kwa sababu kuna wakati hutaruhusiwa kusimama.
- Usijichome insulini ya chakula mpaka sahani iko mbele yako. Ndege ikipita penye hewa mbaya, chakula kinaweza kusimamishwa kwa muda mrefu, na sindano ikishaingia haitoki.
- Baadhi ya mashirika ya ndege hutoa chakula cha wenye kisukari ukiagiza siku mbili kabla. Mara nyingi kina wanga kidogo sana, jambo linaloweza kumshusha sukari anayetumia insulini. Wengi huona afadhali chakula cha kawaida, wakala kwa kiasi.
- Ukitumia kichupa, usisukume hewa nyingi ndani yake kama unavyofanya nyumbani. Mgandamizo wa hewa angani ni tofauti, na kipimo kinaweza kukosewa. Muulize muuguzi akuonyeshe.
- Kunywa maji, na simama kutembea kidogo kila saa moja au mbili.
- Sindano iliyotumika weka kwenye kichupa kigumu cha plastiki chenye kifuniko cha kuzungusha. Usiiache kwenye mfuko wa kiti. Mtu atakayesafisha anaweza kuchomwa.

Saa za tiketi na saa za sindano

Hapa makosa hutokea hata kwa wasomi. Tiketi huandikwa kwa saa 24 zinazoanza usiku wa manane. Sisi kwa Kiswahili tunaanza kuhesabu alfajiri. 13:45 kwenye tiketi ni saa saba na dakika 45 mchana. 02:30 ya tarehe 14 ni saa nane na nusu za usiku unaoanza jioni ya tarehe 13. Ukijiandaa jioni ya tarehe 14, ndege imeondoka tangu usiku uliopita.

Kisha kuna tofauti ya saa kati ya nchi. Nairobi, Addis Ababa na Kigoma ziko mbele ya Burundi kwa saa moja, tofauti ambayo kwa kawaida haibadilishi ratiba ya sindano. Toronto iko nyuma ya Burundi kwa saa 7 majira ya baridi na saa 6 majira ya joto. Brisbane, Australia, iko mbele kwa saa 8.

Ukienda magharibi, siku yako inarefuka na huenda ukahitaji nyongeza. Ukienda mashariki, siku inafupika. Ukifuata saa ya ukutani tu, sindano mbili za insulini ya muda mrefu zitakaribiana mno na sukari itashuka. Usiamue mwenyewe. Mpelekee muuguzi tiketi yako, akuandikie ratiba: sindano ya kwanza saa ngapi, yuniti ngapi, ya pili saa ngapi. Acha saa moja, ya mkononi au ya simu, ibaki kwenye saa za Burundi mpaka ufike.

Sukari ikishuka, sukari ikipanda

Dalili za kushuka ni kutetemeka, jasho, njaa ya ghafla, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa au hasira isiyo na sababu. Pima ukiweza. Ikiwa chini ya 70 (miligramu kwa desilita), kula au kunywa sukari ya haraka: vijiko vitatu hadi vinne vidogo vya sukari, au soda isiyo ya lishe kiasi cha nusu glasi. Subiri dakika 15, pima tena, na urudie ikiwa bado iko chini. Kisha kula biskuti au mkate. Aliyepoteza fahamu asipewe kitu mdomoni. Mlazeni kwa ubavu na mwite mhudumu mara moja.

Dalili za kupanda sana ni kiu, kukojoa kila mara, kichefuchefu, kutapika, maumivu ya tumbo, kupumua kwa kasi na pumzi yenye harufu kama ya matunda. Mtu wa aina hii asiambiwe kwamba ni uchovu wa safari. Anahitaji msaada wa daktari haraka. Na hata asipokula kwa sababu anatapika, mwenye kisukari cha aina ya kwanza haachi kabisa insulini.

Ukishafika

Siku ya kwanza, mwambie mfanyakazi wa shirika linalokupokea mambo mawili: kwamba unatumia insulini, na dawa uliyonayo itatosha hadi tarehe gani. Tarehe ndiyo itakayomfanya akutafutie daktari mapema. Kwa wanaokwenda Canada, kuna Programu ya Muda ya Afya ya Serikali Kuu inayosaidia wakimbizi kupata huduma na dawa katika kipindi cha mwanzo. Kwingine taratibu ni tofauti. Uliza kabla hujaondoka.

Jihadhari na namba. Vipima sukari vya Marekani husoma kwa miligramu kwa desilita. Canada, Uingereza na Australia hutumia milimoli. Madaktari waliosoma kwa Kifaransa wakati mwingine huandika gramu kwa lita. Sukari ni ileile, namba ni tofauti:

- 0.70 ni sawa na 70, na ni sawa na 3.9 za milimoli (imeshuka);
- 1.80 ni sawa na 180, na ni sawa na 10 za milimoli;
- 2.50 ni sawa na 250, na ni sawa na 13.9 za milimoli (imepanda).

Mama aliyezoea kuona 180 akiona 10 anaweza kudhani mtoto anakufa kwa kukosa sukari, akampa soda, wakati sukari tayari iko juu.

Jihadhari na sindano pia. Insulini nyingi ni ya yuniti 100 kwa mililita, lakini katika nchi kadhaa bado kuna sindano zilizopimwa kwa yuniti 40. Ukivuta insulini ya 100 kwa sindano ya 40 hadi alama ya 20, utakuwa umevuta yuniti 50. Hicho ni kipimo cha kuua. Soma namba kwenye kichupa na kwenye sindano, kila unapobadilishiwa.

Mwisho, chakula. Nchi nyingi hukataza matunda, nyama na samaki kuingia, na Australia ni kali sana. Ndizi zako zile kabla ya kutua, na chakula kingine kitangaze kwenye fomu.

Kwa ndugu wanaokuja kutembelea

Familia nyingi za Nyanza-Lac na Rumonge zina watu ng'ambo. Baadhi walikimbilia Tanzania mwaka 1972, na kuanzia 2007 wengine wakahamishiwa Marekani. Wanaporudi kusalimia, huleta zawadi, na mara nyingine dawa. Ndugu, usimletee mgonjwa insulini bila kumuuliza muuguzi wake. Baadhi ya kalamu za ng'ambo zina yuniti 300 kwa mililita. Zikivutwa kwa sindano ya kawaida zinaweza kuua. Bandeleti nazo hufanya kazi na mashine ya aina yake tu. Uliza jina la mashine aliyonayo kabla ya kununua.

Orodha ya usiku wa mwisho

Tandaza vitu kitandani, uviguse kimoja kimoja:

- insulini, pamoja na ya akiba;
- sindano au kalamu na ncha zake;
- kipima sukari, bandeleti, vichomeo vya kidole na betri;
- barua ya daktari, nakala tatu;
- ratiba ya sindano iliyoandikwa na muuguzi;
- sukari, biskuti, na chakula cha kutosha kwa ucheleweshaji wa nusu siku;
- kichupa kigumu cha sindano zilizotumika;
- chupa au kitambaa cha kupozea dawa.

Huduma hizi hazilipiwi

Uchunguzi wa afya wa IOM kwa wakimbizi wanaohamishiwa nchi ya tatu, pamoja na huduma zote za UNHCR na mashirika yanayoshirikiana nayo, hutolewa bure. Mtu yeyote akikuomba pesa ili "asiandike" kisukari chako au ili akuharakishie safari, anakudanganya. Usilipe. Toa taarifa kwa mfanyakazi wa UNHCR unayemwamini au kupitia sanduku la malalamiko. Malalamiko hayapunguzi nafasi yako ya kusafiri.

Ikiwa siku ya safari imekaribia na bado huna insulini ya kutosha, usisubiri uwanjani. Nenda leo kwenye kituo cha afya, ukiwa na tiketi na kichupa kitupu mkononi, useme tarehe ya ndege.